Dakika Mbili

Dakika mbili zilikaa kwenye kioo cha simu kama mgeni aliyesahau kuaga. Mbunifu alikikinga kioo na jua kwa kiganja, akatazama tena. Basi la kuelekea anakolelewa mwanawe: dakika mbili. Tangu afike kituoni, dakika mbili zile zile.

"Mama, hizo ni dakika za mpira," fundi mmoja alimtania. "Zikivutwa zinarefuka."

Watu walicheka. Yeye hakuweza. Ukurasa ule wa simu unaotangaza mabasi aliubuni mwenyewe.

Jana mlezi alimpokea mlangoni, mtoto kabeba begi lake, wenzake wote wameshachukuliwa. "Mama, mtoto hajui foleni. Anajua umekuja au hujaja. Ukichelewa tena, nafasi yake nampa mwingine."

Kazini alikuwa amependekeza maneno machache tu: basi linaloonekana na mtambo wa kufuatilia mabasi liandikwe "liko njiani", lisiloonekana liandikwe "kwa ratiba". Bosi aliyafuta. "Dada, maneno yanachafua ukurasa. Lisiloonekana liwekee alama ya kijivu, wenye macho wataiona." Kivulini mwa ofisi, kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, alama ile iliwapendeza wote. Naye akameza mate na hoja yake. Aliyesoma madarasa ya jioni, alijiambia, habishani na waliosoma mchana kutwa.

Sasa alijibanza kwenye kivuli cha nguzo, na alama ikajitokeza, hafifu kama pumzi juu ya kioo.

"Kumbe hakuna basi," alisema. "Hii ni ratiba tu."

"Umejuaje?" aliuliza bibi aliyeketi kando yake.

"Imeonyeshwa, bibi. Hapa."

Bibi alikunja uso, akaisogeza simu, akaisugua kwa ncha ya mtandio. Akatazama. Akasugua tena. "Uchafu wenyewe hautoki."

Mbunifu aliichukua simu yake. Alimpigia bosi papo hapo.

"Toleo la kesho la ukurasa lisitoke bila yale maneno."

"Dada, tulishamaliza hilo."

"Nyinyi mlimaliza. Huku bado. Ongea na bibi."

Bibi aliipokea simu kwa mikono miwili. "Mwanangu, basi lipo au halipo? Nijue kama nitembee."

"Aa... subiri kidogo, bibi."

"Kusubiri nimeshasubiri," alisema bibi, akageuka amrudishie mwenyewe simu yake.

Mbunifu alikuwa ameinama kando ya barabara iendayo kwa mlezi, akivua viatu vyake vya kisigino.