Kapteni Mwenye Mdomo

Mimi watu hunijua kwa mdomo wangu. Sokoni ninapouza zabibu, mteja akiminyaminya vichala vyangu halafu akaondoka bila kununua, nitamwambia maneno atakayokwenda nayo mpaka kwake. Hata wakulima wa Makutupora wakiniona nashuka na beseni zangu huanza kunipimia vizuri kabla sijasalimia. Sijisifu wala sioni aibu. Mama yangu kule Kondoa yuko hivyo hivyo, ila yeye ameshakuwa mtu mzima na hujificha nyuma ya tasbihi.

Basi mdomo huo ulikufa siku daktari alipotuambia kwamba jicho la pili la Ibrahimu nalo limekwenda.

Ibrahimu ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Alikuwa fundi simu mjini, tukikaa wote kwangu Miyuji. Presha ya macho ilianza jicho la kushoto, tukadhani ni uchovu wa kukodolea vile vidude vya ndani ya simu, na tulipostuka ilikuwa imehamia la kulia. Hospitali walimpa fimbo nyeupe ya kukunja. Niliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na huko ikakaa ikila vumbi.

Nilimfanyia kila kitu. Nilimchotea maji ya kuoga, nikamtolea samaki miiba, nikamwonjea chai kwanza isije ikamchoma. Nikaacha kabisa kumgombeza. Alipovunja kikombe, mimi Mwajabu niliyewahi kumfukuza na ufagio mpaka kwa jirani kwa sababu ya kikombe, nilisema, "Haina neno, mdogo wangu, vikombe vipo." Yeye akazidi kunyamaza. Akawa mtu wa kukaa kwenye godoro tangu asubuhi, ameelekeza uso ukutani.

Mama akapiga simu. Alisema anakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi kumchukua. Kile chumba cha karibu na jiko ameshakipiga lipu. Ibrahimu atakaa humo, ataletewa kila kitu, hatahangaika na lolote maisha yake yote. Nilipomweleza, Ibrahimu alisema, "Sawa." Sikuipenda sawa ile. Kijana wa miaka ishirini na mbili anaambiwa atakaa chumbani mpaka azeeke, naye anasema sawa! Lakini ningemwambia nini? Nami niliogopa, na kwa siri ya moyo wangu nilishaona kwamba Kondoa atakuwa salama kuliko kwangu.

"Ila kabla sijaondoka," akasema, "nataka nimalize hadithi yangu."

Hadithi yenyewe ilikuwa gemu. Mashine yake aliinunua mtumba, kwa jasho lake, akaichomeka kwenye televisheni yangu, na zamani nilikuwa nikiisikia inavyonguruma napiga kelele azime nisikie taarifa ya habari. Sikujua kwamba ndani yake mna hadithi ndefu kuliko zote alizotusimulia bibi. Kuna watu ambao jua lao limezimika. Wamelazwa usingizi kwa maelfu ndani ya meli kubwa ya angani, wanawake, wazee na watoto, na kapteni mmoja ndiye anayezunguka nayo kutoka nyota hadi nyota akiwatafutia mahali pa kuamkia. Njiani anakutana na mataifa ya kila namna, mengine si watu, na kila neno analosema linahesabiwa.

"Hadithi hizi zina kumbukumbu, dada," Ibrahimu alinieleza. "Mtu uliyemjibu vibaya mwanzoni, mwishoni anakuja kukukumbusha. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu macho yalipozima. Wewe utakuwa macho na vidole."

Jumatatu nilipotoka sokoni tukaanza. Nilishika ile pedi ya kuchezea gemu kama nilivyoshika usukani siku ya kwanza na ya mwisho ya kujifunza gari. Niligonga meli kwenye mawe, nikamzungusha kapteni akawa anatembea kinyumenyume, nikampiga risasi mpishi wetu wenyewe. Ibrahimu alicheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka, anaanza na mabega.

Kazi yangu kubwa ikawa kumsimulia. "Kuna mlima mwekundu," nikisema, ananiuliza, "Mwekundu wa namna gani?" Nami nafikiri kwanza. "Kama makorongo ya kwetu mvua ikishapita." Hapo anaitikia kwa kichwa, ameshaona. Sauti za watu alizisikia mwenyewe, tena Kiingereza chake ni kizuri, hivyo alinifasiria mimi.

Nilishangaa kidogo kwamba kapteni ni mwanamke. Mwanamke mnene wa wastani, mabega kama ya mbeba mizigo, sauti nzito.

"Wewe kijana, kwa nini kapteni wako si mwanaume mwenzio?"

"Ndivyo nilivyomtengeneza."

Nikadhani kuna binti anamwaza, nikaacha kumchimba.

Kila kapteni anapotakiwa kujibu, maneno matatu hutokea chini ya kioo na unachagua moja. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na nacho nilikiacha hukohuko, lakini nikisoma taratibu naelewa. Nilitaka nimsomee Ibrahimu yote achague. Alikataa.

"Chagua wewe, dada. Wewe unajua."

Basi nikachagua. Mdogo wangu ni mtu mpole, hajawahi kugombana hata na kuku, nikaona hadithi yake ni lazima nayo iwe ya upole. Kila mara nikatafuta neno laini kuliko yote. Mabaharia wakizembea, kapteni anawaambia wapumzike. Mwizi wa mafuta akikamatwa, kapteni anamwombea msamaha. Nilijiona ninafanya vizuri. Lakini Ibrahimu alianza kupoa tena, Jumanne kidogo, Jumatano zaidi. Nikifungua mdomo wa kapteni, yeye anafunga wake. Nikadhani amechoka.

Alhamisi alasiri tukafika kwenye lango.

Nyuma ya lango hilo kulikuwa na nchi yenye jua na maji, ile iliyotafutwa hadithi nzima. Mlinzi wake ni malkia wa watu wa mawe, jitu la mama lililokaa juu ya kiti kikubwa kuliko nyumba yangu. Ibrahimu akaniambia kwamba kapteni na malkia walishakutana mwanzo kabisa, yeye mwenyewe alipokuwa akicheza, na siku hiyo walielewana vizuri. Malkia asipofungua lango, watu wote wale hawataamka.

Maneno matatu yakatokea. Nikachagua lile la unyenyekevu kabisa: malkia mtukufu, sisi wanyonge tunakuja mbele yako kuomba huruma.

Malkia aliinama kumtazama kapteni. Kisha akasema, na Ibrahimu akafasiri kwa sauti kavu.

"Anasema, mwanamke aliyekuja mara ya kwanza aliniambia nina kichwa kikubwa na akili ya kuazima. Nikampenda. Wewe unanisemesha kama mtu anayemsemesha mgonjwa. Sikujui. Fungeni lango."

Mawe yakaanza kusogea. Katikati ya kioo yakatokea maneno matatu ya mwisho, yakatulia pale yakisubiri kidole changu.

"Umeniharibia kapteni!" Ibrahimu alisema. Alisimama wima juu ya godoro, na tangu atoke hospitali sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Siku nne! Siku nne nasikiliza nikidhani labda ataamka!"

"Nimekosa nini? Nimechagua maneno mazuri yote!"

"Nani amekuambia anasema maneno mazuri? Kapteni huyu ana mdomo, dada! Anatukana mabaharia mpaka wanacheka, na hakuna hata mmoja anayekubali kumwacha. Nilipokuwa nacheza sijui la kujibu, nilikuwa najiuliza kitu kimoja tu: dada Mwajabu angesema nini? Halafu nachagua hilo. Hadithi nzima nimeijibu hivyo. Ndiyo maana nikakuambia uchague mwenyewe!"

Nilitazama kioo. Yule mwanamke alikuwa amesimama mbele ya lango, mikono kiunoni, mguu mmoja mbele. Nani asiyejua kwamba mimi husimama hivyo? Sokoni wananiigiza.

"Nilidhani unapenda upole," nikasema, na nilijisikia mjinga.

"Upole ninao mimi, unatosha." Sauti yake ikashuka. "Unajua mara ya mwisho umenigombeza lini? Nimevunja kikombe kile makusudi, dada. Makusudi! Nikasema leo atanifokea. Ukaniambia vikombe vipo. Nikajua basi, kumbe nimekwisha, hata Mwajabu ameniona nimekwisha. Mama akisema chumba cha jikoni, nitabisha na nani?"

Niliumia. Nasema wazi, niliumia kuliko siku ya daktari, kwa sababu siku ile mkosaji alikuwa ugonjwa. Nililia kimya, nikajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha nikashika pedi.

"Kuna maneno matatu," nikasema. "La kwanza anaomba tena. La pili anageuka anaondoka. La tatu..." Nikalisoma mara mbili. "Ibra, hili la tatu ni tusi."

"Lisome."

"Anamwambia, lifunge basi, halafu umeze ufunguo, maana kwenye kichwa hicho nafasi ipo."

Mabega yake yakaanza kucheza. "Na wewe ungesemaje?"

"Mimi ningeongeza na habari za kiti chake."

Nikabonyeza. Kapteni akamtupia malkia maneno hayo kwa ile sauti yake nzito. Halafu malkia akacheka, akacheka mpaka vumbi likamwagika darini kwake, na yale mawe yakaanza kurudi yalikotoka.

"Linafunguka!" nikapiga kelele. "Ibra, linafunguka! Kuna mwanga, wa asubuhi, ule wa kabla jua halijakuwa kali. Kuna mto. Wanaamka, kuna mtoto anapiga miayo, kuna bibi kakaa anatafuta viatu vyake!"

"Na kapteni?"

"Kasimama mlangoni. Anawafokea watoke upesi."

Ibrahimu akakaa chini na kufunika uso, analia na kucheka, nami hivyo hivyo, tukawa kama wehu wawili hata jirani akagonga ukuta.

Asubuhi ya Ijumaa niliitoa ile fimbo kwenye msumari, nikaipangusa, nikamtupia miguuni.

"Sukari imekwisha. Mama yuko njiani na humu hakuna hata punje. Nenda dukani kwa Batholomeo."

"Mimi?"

"Kuna Ibrahimu mwingine nimemficha uvunguni? Dukani kwake unakujua tangu ulipohamia hapa. Shika ukuta mpaka kwenye tangi, vuka mtaro, geuka kulia. Na usinichelewe!"

Akasimama. Akaikunjua fimbo, ikalia taktak, akatoka. Nilisikia ikigonga ukuta, ikigonga tangi, kisha sikuisikia tena. Nikabaki nyuma ya mlango nimejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Mama akafika kabla hajarudi. Aliingia na kapu lake, nikampa shikamoo, akaitikia huku akichungulia chumbani.

"Ibrahimu yuko wapi?"

"Nimemtuma dukani."

"Na nani?"

"Na fimbo yake."

Kapu likamponyoka. Akatoka mbio mpaka getini, mtandio ukimwanguka, nami nikamfuata. Tukamwona. Alikuwa kule njia inapogawanyika, pakiti ya sukari kwapani, suruali imechanika gotini. Ameshavuka mtaro, ila kumbe alianguka, na sasa hajui ni upande upi. Aligeukia huku, akageukia kule, fimbo ikipapasa hewa.

Mama akataka kumkimbilia. Nikamshika mkono, nikamshika kwa nguvu, Mungu anisamehe.

"Ibrahimu!" nikafoka. "Sukari hiyo umekwenda kuilima? Watu wamekaa na chai inapoa, wewe umesimama hapo kama nguzo ya umeme!"

Kichwa chake kikageuka kwetu. Mwili ukafuata. Akapiga hatua moja, halafu nyingine.

"Tembea! Unahesabu mawe? Nyoosha mguu, mvivu wewe!"

Machozi yalinitiririka mpaka kidevuni, lakini hakuyaona, na sauti niliikaza isitetemeke, maana ndiyo aliyokuwa akiifuata. Nilipokatiza kidogo kuvuta pumzi, yeye naye akasimama. Mama akanitazama mimi, akamtazama mwanawe, nikaona ameelewa. Akajifunga mtandio wake vizuri, akaweka mikono kiunoni.

"Wewe mtoto!" akapaza sauti, sauti ile ya zamani iliyokuwa ikitutoa korongoni. "Nimetoka kote huko Kondoa, mpaka sasa hujanipa hata shikamoo! Njoo hapa!"

Ibrahimu akaanza kucheka, akaja moja kwa moja.