Nyumba Iliyopakwa Msitu

Msonobari wa kwanza uliota jikoni kwa Pyo Jeom-sun, kati ya friji ya kimchi, achari yao ya kabichi, na gunia la mchele, Jumanne moja ya Novemba, yeye kachuchumaa anatia chumvi kabichi. Kabichi zilikuwa arobaini na alikuwa amefika ya ishirini na saba. Mti ukapasua sakafu, ukapanda mpaka usawa wa kiuno, ukatulia. Jeom-sun akamaliza chumvi iliyokuwa mkononi, akanawa, akatundika taulo kwenye tawi. Tawi lilikaa pazuri. Msumari wa zamani ulikuwa juu mno.

"Mama Gwang-seop, nini hicho?" mumewe akauliza kutoka chumbani.

"Mti."

"Mti gani?"

"Msonobari."

"Ah," Tak Gil-ho akasema. "Si bora ungekuwa wa matunda."

Gil-ho alikuwa na miaka sabini na tano na figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa gari la hospitali lilikuja kumchukua, likampeleka mjini, mashine ikamsafisha damu kwa saa nne, likamrudisha. Akikosa mara moja anavimba miguu. Akikosa mara mbili anahema kama kapanda mlima. Daktari alimwambia Jeom-sun bila kuzunguka: mara ya tatu usijaribu. Mtoto wao Gwang-seop alikuwa baharia wa meli za mizigo, huonekana mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo waliokuwepo ni yeye na gari.

Jumatano asubuhi gari halikufika mlangoni. Simu ikalia. Dereva alikuwa Ma Deok-su, jitu la miaka hamsini na kitu, zamani aliendesha teksi.

"Mama, niko barabarani. Mmehama?"

"Tuhamie wapi?"

"Simu inaniambia hapa ni msitu."

"Achana na simu, tazama kwa macho."

"Nimetazama. Ni msitu."

Jeom-sun akachungulia nje. Kweli, kichochoro cha kwenda barabarani kilikuwa kimejaa misonobari, mikubwa, yenye kuvu kwenye magome. Akachukua fremu ya mbao ambayo Gil-ho alibebea kuni mgongoni enzi za nguvu zake, akamketisha mumewe juu yake, akaibeba, akapita katikati ya miti hatua mia nne. Miaka arobaini na sita alikuwa amepita hapo. Miguu ilijua.

"Ona mke wangu anavyonibeba, kama kuni," Gil-ho akamwambia dereva.

"Kuni zina faida, zinawaka," Jeom-sun akasema, akafunga mlango wa gari.

Sababu ya msitu ilijulikana kijiji kizima. Kwenye kilima nyuma ya nyumba, tangu majira ya kuchipua, jeshi lilikuwa limeweka kikosi cha makombora ya kuitisha Kaskazini, nchi adui ng'ambo ya mpaka, ambayo ina mabomu ya nyuklia na mdomo mrefu. Kikosi kilikuwa siri. Ni sheria: kwenye ramani zote, za simu na za ukutani, penye jeshi hupakwa msitu ili adui asione. Basi karani mmoja huko mji mkuu alipaka kilima, brashi ikamzidi upana, akaipaka na nyumba ya Jeom-sun. Rangi ikaota.

Siri yenyewe ilikuwa hivi. Duka la tambi la kijijini lilibandika ukutani: *Kikosi cha makombora, ukiagiza sahani sita, ya saba bure.* Wachumba wa wanajeshi walishuka kwenye basi kila Jumapili wakiuliza njia, na watoto wa shule waliwaonyesha. Siku ya kufungua kambi, kila nyumba ilipewa taulo la kumbukumbu, jeupe, lililotariziwa kwa uzi wa bluu jina zima la kikosi na picha ya kombora linapaa. Taulo la Jeom-sun ndilo lile la jikoni.

Alikata miti mitatu kwa msumeno. Jumanne iliyofuata ramani ilipotengenezwa upya, miti ikarudi sita, na mmoja ukaota chumbani, upande wa kichwani anapolala Gil-ho. Akautumia kutundika kofia.

Mwenyekiti wa kijiji, Maeng, akatangaza kwenye kipaza sauti: "Wananchi, kwa Mama Gwang-seop sasa ni msitu, msitupe takataka. Halafu kuhusu zoezi la kujikinga na bomu: Mama Gwang-seop, nafasi yenu kwenye handaki nimempa mtu mwingine. Orodha inataka anwani."

Jeom-sun akapanda kilimani kumwona mkuu wa kikosi. Meja Ban Tae-uk alikuwa mtu wa suruali yenye pasi ya kukatia nyanya. Akamkaribisha chai.

"Bibi, umetokea wapi?"

"Hapo chini. Nyumba ya paa la bluu."

Meja akakunjua ramani, akapitisha kidole. "Hapo chini ni msitu."

"Nyumba imo ndani ya msitu wako."

"Si wangu, wa ofisi ya ramani. Sisi tuliomba wafunike kambi tu."

"Basi waambie wanifunue. Mume wangu anaumwa, gari halifiki."

"Wakikufunua wewe, bibi, adui ataona ukingo. Atajua msitu wa kweli unaishia wapi na wa rangi unaanzia wapi."

Jeom-sun akapuliza chai. "Haya makombora kazi yake nini?"

"Kumtisha adui. Akijua tunayo, hathubutu."

"Kwa hiyo anatakiwa ajue."

"Lazima ajue."

"Na nyie mnaficha."

"Lazima tufiche."

"Afande, mbwa ukimfungia ndani na kumziba mdomo, mwizi ataogopa nini?"

"Kutisha ni kazi ya wizara, bibi," Meja akasema. "Mimi kazi yangu kuficha."

Hakutania. Hawa watu hawataniagi. Ndivyo wanavyofundishwa, miaka minne chuoni, kwa fimbo ndefu na ubao. Akampa fomu ya kuomba marekebisho. Mstari wa kwanza ulitaka anwani. Jeom-sun akaandika, kijana wa ofisi akaiingiza kwenye kompyuta, kompyuta ikasema anwani hiyo haipo, fomu ikarudishwa. Meja akamsindikiza mpaka getini kwa adabu zote na akampa taulo la pili.

Basi akaendelea kumbeba. Mara tatu kwa wiki, kwenda na kurudi. Desemba ikaingia, theluji ikaanguka, akavaa viatu vya Gil-ho vyenye meno. Mzee alikuwa amekonda, ila mfupa nao una uzito wake.

Katikati ya Desemba, saa sita mchana, Deok-su alikuwa dukani anakula tambi, taarifa ya habari ikaonyesha majenerali wa Kaskazini. Walijipanga mbele ya picha kubwa kama ukuta, kofia pana kama sinia, mmoja kashika fimbo. Ilikuwa picha iliyopigwa kutoka angani, yenye namba nyekundu kila penye shabaha. Kilima chote kilikuwemo. Mitambo ya makombora kumi na sita, moja mpaka kumi na sita, hata pikipiki ya duka la tambi ikipanda. Na chini ya kilima namba kumi na saba: paa la bluu, mitungi ya mchuzi wa soya uani, na mzee mwenye fulana nyeupe barazani anajikuna tumbo.

Deok-su akapiga picha ya televisheni kwa simu yake, tambi bado mdomoni.

Jioni ile, akimrudisha Gil-ho, alifika kwenye ukingo wa msitu, akazima ramani ya simu, akafungua picha ya adui, akaiegemeza kwenye usukani. Misonobari ikasogea, huku na huku, kama watu kwenye foleni wanavyompisha mjamzito. Gari likaenda mpaka mlangoni.

"Mama, nyie mpo!" Deok-su akapiga kelele. "Mpo kwa Kaskazini!"

Gil-ho akaikazia macho simu. "Hata fulana yangu wameipata."

"Ina tundu hiyo," Jeom-sun akasema.

"Na tundu wamelipata."

Kwa wiki tatu mambo yakanyooka. Gari lilifika mlangoni, Jeom-sun akapumzisha mgongo, akamaliza hata kushona blanketi. Danganya toto ya wakubwa ikawa wazi, na ikajulikana toto lenyewe ni nani. Adui alikuwa anaona mpaka tundu la fulana. Asiyeona ni gari la wagonjwa.

Wiki ya pili ya Januari, siku ya Jumatatu, wanaume wawili wenye makoti meusi ya manyoya walimsubiri Deok-su hospitalini kwenye maegesho.

"Unaendesha gari kwa ramani ya adui."

"Naendesha gari la wagonjwa."

"Hiyo picha umepewa na nani?"

"Taarifa ya habari ya saa sita."

Wakaifuta. Wakamwandikisha karatasi kwamba hakuona alichoona. Siku hiyohiyo vituo vya televisheni viliagizwa vifunike picha ya Kaskazini kila vikiionyesha. Vikaifunika kwa msitu. Na ofisi ya ramani, iliposikia kwamba adui kaona, ilifanya kile inachokijua: ikapaka rangi mara ya pili.

Kabla Jumanne usiku haujafika, miti ilikuwa imefungana. Jumatano Jeom-sun akamweka Gil-ho kwenye fremu, akaingia, hatua ya kumi fremu ikakwama kati ya shina na shina. Akarudi kinyumenyume. Yeye peke yake aliweza kupita ubavu ubavu. Mtu mgongoni, hapana. Gari la dharura likaja, likafika barabarani, dereva akasema huu ni msitu, likaondoka. Deok-su akaingia kwa miguu mara tano, na mara tano akatokea palepale alipoegesha, majani ya msonobari kichwani, analia kwa hasira.

Jeom-sun akampigia Meja. "Nipe vijana wako wanne wambebe kwa kumpokezana."

"Bibi, nikituma askari mahali ambapo hapana nyumba, nitaandika wamekwenda kufanya nini?"

"Andika wamekwenda kuokota kuni."

Meja akapekua karatasi. Huenda alifikiria. "Hatuna ruhusa ya kuokota kuni," akasema.

Ijumaa ikapita. Miguu ya Gil-ho ikawa kama magunia. Jumatatu ikapita. Jeom-sun akafunga tena kamba za fremu, akaijaribu mabegani.

"Mama Gwang-seop, usinibebe tena," Gil-ho akasema, akivuta pumzi moja moja. "Kuni zimelowa."

Akaomba uji wa mchele. Akanywa vijiko viwili, akatazama kofia yake kwenye tawi, na Jumanne mchana akafa.

Jeom-sun alimzika mwenyewe nyuma ya mitungi ya soya, akamwekea kichuguu cha duara kama desturi, akakipigapiga kwa sepetu mpaka kikawa laini. Ofisi ya kata ikakataa kuandika kifo. Karani aliuliza amefia wapi, akasema nyumbani, karani akatafuta nyumba kwenye kompyuta, akamwambia pole sana bibi, hapa hakuna mtu aliyekufa.

Mwezi wa tatu Meja Ban alikuja. Alipita msituni bila hata jani kumgusa bega, kwa sababu mkononi alikuwa na picha mpya ya Kaskazini. Wakubwa waliruhusiwa kuwa nayo. Akavua kofia, akainama mbele ya kaburi, kisha akaikunjua picha juu ya kifuniko cha mtungi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepandishwa cheo.

"Bibi, tazama. Kichuguu hiki. Wamekipa namba. Wanadhani ni mtambo mpya, tumeufukia."

Jeom-sun akatazama. Barazani hapakuwa na mtu. Nyuma ya mitungi palikuwa na duara dogo na namba kumi na nane.

"Unaelewa maana yake?" Meja akasema. "Kombora lao zima, bibi, wamemtengea mumeo. Moja limetupungukia sisi kule juu. Hii ndiyo mbinu. Makao makuu wamefurahi sana."

"Sasa mtanitoa kwenye msitu?"

"Sasa? Sasa ndiyo haiwezekani kabisa." Akashusha sauti. "Ila tungependa kuongeza vichuguu sita. Kama hutajali."

Jeom-sun alijali, akasema, na Meja akaandika kwamba bibi ameshirikishwa. Vijana kumi na wawili wakashuka na sepetu zao. Walipita msituni mmoja mmoja nyuma ya ile picha, bila taabu, wakamaliza kazi kwa asubuhi moja. Walivitengeneza vizuri, duara safi, vya kimo kimoja. Walipotaka kunawa aliwapa taulo lao.

Aprili, siku ya kusafisha makaburi, alitoka ubavu ubavu mpaka barabarani kupokea chupa ya pombe ya mchele ya kumwagia kaburini, aliyomwagiza Deok-su. Dereva alikuwa kaegemea gari. Kaskazini walikuwa wametoa picha nyingine asubuhi ileile, na alikuwa ameiwahi kabla televisheni hazijaifunika. Akamwonyesha kwa kujificha, mgongo kaupa barabara. Paa la bluu, mitungi, na nyuma yake vichuguu saba vimejipanga kama mayai, kila kimoja na namba yake nyekundu.

Deok-su akavihesabu kwa kidole. "Mama, kaburi la mzee ni lipi?"

"La kumi na nane," Jeom-sun akasema, akachukua chupa, akarudi msituni.