Sukari ya Nyumba ya Nyuma

Kitu cha kwanza Hawah alichokiona kilikuwa unga. Kila asubuhi, akikunja mkeka wake katika nyumba ya nyuma, alikuta unga laini wa kahawia umemwagika palepale alipoweka kichwa. Juu yake ilipita boriti, na vijia vya udongo vya mchwa vilipanda kutoka ukutani hadi kwenye mti huo. Aliufagia unga akaenda kuchota maji. Hakumwambia mtu. Hawah alikuwa mtu wa kunyamaza. Hata shuleni, kabla hajaacha masomo darasa la nne kwa kufiwa na baba, mwalimu alidhani hajui kusoma, kumbe ni sauti tu iliyokataa kutoka.

Shangazi yake Kulusum ndiye aliyemchukua akamleta mji wa Koboko. Sikukuu ya Idd ilipokaribia na mji ukajaa watu, shangazi alimhamishia jikoni, nyumba ya nyuma ikapewa wageni. Lakini neno kodi halikutajwa. Kuchukua fedha za Mwislamu mwenzake aliyekuja kusali Idd, Kulusum aliona ni aibu. Mgeni alikuja na kitu mkononi, naye akakipokea na kukiita zawadi ya chai. Mwaka ule wa 1975 sukari ilikuwa imepotea madukani, na Tahiru, dereva wa lori kutoka Arua, alitanguliza mfuko mzima ili yeye, mkewe Aminah na watoto wao wapate pa kulala sikukuu yote.

Walifika siku moja kabla ya Idd. Alasiri mvua kubwa ikashuka. Hawah alikuwa jikoni akikanda unga wa biskuti aliposikia mlio kama wa gogo linalopasuliwa, kisha Aminah akiita majina ya watoto. Alipofika uani aliwakuta wote wako nje, wamelowa. Boriti ilikuwa imekatika katikati, mabati yamelala upande, na rundo la udongo wa ukuta limefunika mkeka. Aminah alisikia mti ukilia juu, akawavuta watoto kabla haujaanguka. Hakuna aliyeumia.

Mvua ilipopungua Tahiru akasimama barazani.

"Mama Zubeiri," alisema, akimwita Kulusum kwa jina la mwanawe wa kwanza, "sisi tunarudi Arua leo. Lori iko. Tunaomba ile sukari."

"Sukari gani, mwanangu?"

"Ile ya nyumba."

"Ya nyumba? Mimi nimepangisha nyumba lini? Wewe uliniletea zawadi ya chai, nikakushukuru. Sasa unadai zawadi yako?"

"Mama, zawadi ya mfuko mzima? Hata mama mkwe wangu sijampa hivyo."

"Mama yangu anayo masikio," alisema Aminah, akimkausha mtoto kwa ncha ya kanga. "Nitamfikishia."

Kulusum alitaka kucheka, akajizuia. "Na nusu iko ndani ya biskuti zenu. Nitaitoaje kwenye unga?"

"Hiyo basi. Tupe iliyobaki. Mama, watoto wangu wangelala chini ya udongo."

"Lakini hawakulala. Boriti moja tu imechoka. Kesho fundi ataweka nguzo, tutasali, tutakula. Nyumba ile ni nzuri. Huyu mtoto wa kaka yangu analala humo mwaka mzima, na hajawahi kulalamika hata siku moja. Si kweli, Hawah?"

Wote wakamgeukia. Hawah alikuwa mlangoni na sinia la biskuti mbichi, mikono yake bado ina unga.

Alijua anachoulizwa. Akisema ndiyo, sukari itabaki, wageni wataondoka, na mkeka wake utarudishwa chini ya nguzo ya fundi. Akisema hapana, atamwaibisha mbele ya watu yule anayemlisha. Alimtazama shangazi usoni akaona jambo ambalo hakulitegemea: shangazi hakuwa anadanganya. Aliamini kweli kwamba nyumba ni nzuri, kwa sababu aliyelala humo alikuwa hajasema neno.

"Iko mchwa, shangazi," alisema Hawah. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilifika. "Ndani ya boriti. Tangu zamani."

Kulusum aliingia ndani, akarudi na mfuko uliopungua nusu, akauweka miguuni pa Tahiru bila kumtazama. Tahiru alichota bakuli moja akamwachia.

"Hii sasa ndiyo zawadi, mama."

"Idd njema, mwanangu. Na mkweo msalimie," alisema Kulusum, na safari hii Aminah alicheka wazi.

Lori liliondoka na biskuti za kwanza, zingali za moto. Shangazi na Hawah walibaki wakitazama bati lililoning'inia, maji yakidondoka kwenye ukingo wake.

"Wewe," alisema shangazi, bila ukali, "miezi yote hiyo unaona, unafagia, unanyamaza. Mbona hukuniambia?"

Hawah alifuta unga mikononi, kidole kimoja kimoja. Jibu alikuwa nalo siku nyingi. Usiku alilirudia moyoni huku macho yameelekea juu, na kila asubuhi alilifagia pamoja na ule unga.

"Niliogopa kusema nyumba yako ni mbaya, shangazi," alisema. "Mimi sina nyingine."