Divai ya Zipu Mbili

Mama Fundi aliinama kwenye rafu ya chini kabisa ya duka la vinywaji, pale alipozoea kuinama kila Ijumaa akitoka kazini, akakuta katoni za soda. Alizisogeza. Nyuma ya katoni kulikuwa na ukuta. Akanyanyuka huku kashika kiuno, na hapo ndipo alipoiona chupa yake, juu, usawa wa macho, imemulikwa na taa ndogo na kuvishwa kola ya karatasi ya dhahabu kama bwana harusi. Alisoma bei. Akavaa miwani akaisoma tena. Damu ikamchemka.

Nyumbani kwake divai haikupimwa kwa fedha. Ilipimwa kwa kazi. Yeye ni mshona nguo, na mumewe ni dereva wa malori aliyestaafu na mgongo mbovu, na zamani sana waliwekeana sharti kwamba hakuna chupa itakayoingia mle ndani ikiwa inazidi ujira wa kubadilisha zipu mbili. Zaidi ya hapo, Mama Fundi alisema, unanunua ile picha ya jumba iliyochorwa kwenye lebo, na ndani ya jumba lenyewe hulali. Mzee alipenda nyekundu, yeye nyeupe, na kuzisaka ilikuwa raha yao. Walijua kuinama. Walijua kuchukua chupa ambayo lebo yake imechanika, au ya mtengenezaji ambaye hakuna anayeweza kulitamka jina lake. Walikwishakunywa siki kwa ajili hiyo, na nyekundu moja iliyomfanya mzee aulize kama ni ya kunywa au ya kupaka viatu. Lakini nyeupe hii waliipata, na walipoipata waliacha kutafuta. Ilinukia ganda la limau na majani yaliyokatwa sasa hivi, na ilikuwa na ukali mwembamba uliosafisha ulimi bila kuuchoma. Wakaibatiza Zipu Mbili.

Sasa bei iliyoandikwa pale ilikuwa ya gauni zima, tena lenye bitana.

"Kizibo!" aliita.

Mwenye duka alitokea nyuma ya kaunta. Walimwita Kizibo kwa sababu alikuwa mfupi, mnene, na akisimama mlangoni hakuna kinachotoka wala kuingia.

"Mama Fundi, karibu."

"Sijaja kukaribishwa. Hii ni nini?"

"Divai."

"Najua ni divai. Wiki iliyopita pia ilikuwa divai. Imefanya nini tangu hapo, imesoma? Imepata shahada?"

Kizibo alicheka kwa adabu ya mtu mwenye bidhaa. "Mama, watu wameiulizia mno. Kila anayeingia anasema, nataka ile ya rafu ya chini, nimeelekezwa na Mama Fundi. Kitu kinachouliziwa hivyo mimi nitakiachaje sakafuni?"

"Kwa hiyo umenipandishia bei kwa mdomo wangu mwenyewe?"

"Si kwamba sina shukrani," Kizibo alisema, akachutama chini ya kaunta na kuibuka na karatasi iliyokunjwa. "Nilikuwekea kalenda."

Mama Fundi aliitazama ile kalenda, akamtazama Kizibo, akatoka. Asingeigusa hata kwa mkasi.

Njiani hasira zilimzidi kwa sababu jambo lilikuwa la kweli. Alikuwa na tabia ya kuongea akiwa na pini mdomoni. Mteja amesimama mbele ya kioo, hawezi kukimbia, naye kapiga magoti anakunja pindo, basi lazima amwambie mtu jambo, na jambo lake lilikuwa divai. Nenda kwa Kizibo, rafu ya chini, shingo ya kijani. Aliwaambia maharusi, aliwaambia mabosi wa benki waliokuja kupunguziwa suruali. Aliona anawafanyia hisani. Na wao, badala ya kwenda kimya kimya kama watu wenye akili, walikwenda wakalitaja jina lake pale dukani.

"Wizi," alimwambia mumewe alipofika. "Wizi wa mchana, na taa wameuwashia."

Mzee alikuwa amejinyoosha kwenye kochi na mto mgongoni. "Tutatafuta nyingine."

"Sitaki nyingine! Nyingine nitaipata, nitaisifu, na yeye ataivisha kola!"

"Basi usiisifu."

Mama Fundi alipita kwenda chumba cha kushonea, na mguu wake ukagonga chupa ya divai nyekundu iliyosimama sakafuni kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Akaisukuma irudi mahali pake. Ile chupa nayo ilikuwa na kisa, na kisa chenyewe kilimkumbusha kwamba Jumapili wanatakiwa kwa wakwe.

Binti yao wa pekee aliolewa mwaka uliopita na kuhamia nyumbani kwa mama mkwe wake, mkunga mstaafu, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Kila mtu alimwita Mkunga. Siku ya kwanza Mama Fundi na mumewe walipokwenda kuwaona, alibeba Zipu Mbili, akaifunga kwa kipande cha satini kilichobaki kwenye gauni la harusi la binti. Mkunga aliipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo jikoni, akafunga mlango. Mlango ulipofunguliwa kuleta chakula, Mama Fundi aliona kwa macho yake chupa tupu kando ya jiko, na samaki wamelala kwenye sosi inayonukia limau na majani yaliyokatwa. Walipewa maji ya kunywa. Alikula wale samaki kila tonge likimkwama, na mpaka leo alikuwa hajasamehe.

Mwezi mmoja haukupita, Mkunga akaja kurudisha heshima, mkononi kashika nyekundu. Mama Fundi alitazama shingo ya chupa. Haikuwa na kizibo. Ilikuwa na kifuniko cha bati cha kuzungusha, kama dawa ya kikohozi. Alisema asante sana mkwe, na mgeni alipotoka tu, akaipeleka mlangoni. Chupa kwa chupa. Mzee alijaribu kusema kwamba kifuniko hakinywewi, akakatwa kauli.

Jumapili asubuhi binti alipiga simu. Alikuwa na mimba kubwa, na sauti yake ilikuja na pumzi fupi.

"Mama, leo nakuomba. Najua bado una kinyongo cha wale samaki."

"Mimi? Kinyongo?"

"Mama. Huyu ndiye ninayekaa naye. Siku zangu zikifika yeye ndiye atakayenishika mkono, wewe utakuwa upande wa pili wa mji. Mkigombana nyinyi, anayelala katikati ni mimi. Usinigombanishe naye."

Mama Fundi aliahidi. Aliahidi kwa moyo wote, kwa sababu kwa binti huyu angeweza kumeza hata pini.

Meza ya Mkunga ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mume wa binti alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo walikaa wanne: wazee wawili, binti na tumbo lake, na Mkunga kichwani mwa meza. Walianza kuulizana hali. Kisha Mkunga aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na ndoo ndogo ya barafu. Ndani yake kulikuwa na chupa ya shingo ya kijani. Ilikuwa na kola ya dhahabu.

"Hii nimekuwekea wewe, mkwe," alisema, akammiminia wa kwanza.

Mama Fundi alinusa, na wala hakuhitaji kuonja. Limau. Majani. Alionja hata hivyo, na ile ladha aliyoikosa tangu Ijumaa ikamteremka kooni pamoja na ghadhabu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Kumbe! Ilipokuja imefungwa satini na mikono yake, ilistahili samaki. Leo imevaa karatasi ya Kizibo, imekuwa ya kuwekewa barafu na kumiminiwa wageni taratibu. Ni divai ile ile! Haikubadilika hata tone. Kilichobadilika ni bei, na watu hawa walikuwa wanakunywa bei. Na sasa alikuwa anakaribishwa, yeye, kwenye divai yake mwenyewe, kama mtu asiyejua.

Chini ya meza mguu wa binti ulimkanyaga. Ulikanyaga kwa nguvu, bila kuachia.

"Unaionaje?" Mkunga aliuliza.

Mzee alianza kukohoa. Mama Fundi aliweka glasi chini. Alimwangalia binti, uso umevimba kidogo kwa mimba, macho yanaomba. Alijikaza. Alimeza neno la kwanza lililokuja, akameza la pili. La tatu lilimponyoka.

"Nzuri sana, mkwe. Hata kwenye sufuria ya samaki ingefaa."

Binti alifumba macho. Mkunga alibaki ameshika chupa, na kwa kitambo hakuna aliyejua itamwagwa wapi.

"Ingefaa," Mkunga alisema, na akamwongezea glasi mpaka juu.

Chakula kiliendelea. Mzee alisimulia barabara mbovu zote alizopita maishani. Walipokuwa wanaaga mlangoni, Mkunga alimshika Mama Fundi mkono.

"Ile nyekundu yangu hukuwahi kuniambia ilikuwaje."

"Tamu, mkwe."

"Mliinywa na nini?"

"Na nyama."

"Ahaa," Mkunga alisema. Binti alikuwa anaangalia viatu vyake, ambavyo kwa hali yake hangeweza kuviona.

Mama Fundi alianza kufoka kabla hata hawajafungua mlango wa nyumba yao. Alifoka akivua viatu, akafoka akining'iniza koti. Kola! Barafu! Unaionaje! Alizunguka sebule mara kadhaa kabla ya kugundua kwamba anayeongea naye hayupo, na kwamba mlango wa chumba cha kushonea umejifunga wenyewe kwa kishindo.

Mzee alikuwa jikoni. Mbele yake ilisimama ile chupa nyekundu, imepanguswa vumbi, na kifuniko cha bati kilikuwa mezani.

"Hiyo ni ya mlango!"

"Tangu Ijumaa nyumba hii haina divai," mzee alisema. "Nyeupe umeisusia, nyekundu hukununua. Nami nimekaa mezani kwa watu nikisimulia mashimo ya barabarani ili wewe usile mtu. Nina kiu."

Akanywa. Mama Fundi alingoja akunje uso. Mzee hakukunja uso. Alikunywa tena, kisha akasukuma glasi upande wa mkewe.

Alionja ili apate la kulaumu. Ilikuwa na ladha ya plamu zilizoiva, na pilipili manga kwa mbali, na ilipoondoka ulimini iliacha ujoto uliokaa. Alionja tena. Hakukuwa na la kulaumu. Miaka yote ya kuinama hawakuwahi kuleta nyekundu kama hii ndani ya nyumba. Aliigeuza chupa kutafuta ilikotoka, na chini yake palikuwa na kibandiko cha duka la Kizibo, na bei. Zipu moja. Zipu moja na vifungo.

"Alikuwa nayo!" alipiga kelele. "Siku zote alikuwa nayo pale chini, mimi naipita kwa ajili ya..." Alikiona kifuniko cha bati mezani, akakisukuma mbali. Kisha akapata nguvu upya. "Kila mtu lazima ajue! Kesho nitawaambia wateja wote..."

Mzee aliinuka na mgongo wake mbovu, akafunga dirisha.

"Taratibu," alisema. "Ukiisema leo, kesho imevaa kola."

Mama Fundi aliketi. Alikaa na glasi mpaka ikaisha, na alivyozidi kunywa ndivyo uongo wake wa nyama ulivyozidi kumkaa kooni. Mwishowe alichukua simu.

"Mkwe," alisema, "nimekudanganya. Nyekundu yako hatukuinywa na nyama. Tumeifungua sasa hivi."

"Najua," Mkunga alijibu. "Binti yako aliniambia inazuia mlango."

"Alikuambia lini?"

"Zamani."

"Na ukakaa kimya!" Hasira zote za tangu Ijumaa zilimrudia kwa mkupuo mmoja, zikitafuta pa kutokea. "Na wewe je? Zawadi yangu, kwenye samaki? Nilikuona, mkwe. Chupa nzima!"

Kwenye simu ikasikika pumzi, kama mtu anayecheka na kuona haya kwa pamoja.

"Iliyoingia kwenye samaki ni glasi moja," Mkunga alisema. "Nilionja nikiwa napika. Nikaonja tena. Iliyobaki niliimaliza mwenyewe, nimesimama, mlango nimefunga. Sasa ningetoka vipi nikawaambia wageni kwamba zawadi waliyoleta nimeimaliza peke yangu jikoni? Tangu siku ile nilikuwa nainunua kila wiki, rafu ya chini. Mpaka mtu mmoja mwenye pini mdomoni alipoitangaza mji mzima. Leo nimeilipia bei ya kola kwa ajili yako, kwa sababu najua unaipenda."

Mzee, aliyekuwa ameegemeza sikio karibu, alijisogeza mbali kama mtu aliyegusa jiko la moto.

"Ungeniambia!" Mama Fundi alisema.

"Na wewe ungeifungua yangu."

Upepo ulikuwa unautikisa mlango wa chumba cha kushonea. Mama Fundi aliutazama.

"Basi hii nyekundu," alisema, sauti imeshuka, "tusimwambie mtu."

"Mkwe wangu," Mkunga alisema, "mimi nimezalisha nusu ya mji huu, na sijamwambia mtu hata mmoja nani alipiga kelele na alimtukana nani. Mimi sina haja ya kuambiwa hilo."

Mama Fundi alikuwa na la kumjibu, tena kali, limemjaa tele mdomoni. Alijimiminia glasi nyingine, akanywa, akalimeza pamoja na divai.