Justus Ndani ya Mstari wa Chaki

Asubuhi hiyo, katika kiwanda cha Bwana Nanji karibu na stesheni ya Tabora, Justus alikuwa akikoroga sabuni kwa mwiko mrefu kuliko yeye mwenyewe. Tangini mlikuwa na mafuta ya karanga za Urambo, magadi, chumvi na maji. Moto ulikuwa mkali, na jasho lilimtiririka hadi kidevuni, likadondokea humo humo kama kawaida.

Tatizo ni kwamba sabuni ilikuwa ikitoka nzito kuliko vyote vilivyoingia. Bwana Nanji hakuliona kuwa tatizo. Aliyekosa usingizi ni Bwana Pringle, mhandisi wa Kiingereza aliyeletwa kupanga kazi za kiwanda, maana kwake uzito unaoingia sharti ulingane na unaotoka pamoja na unaobaki. Alichora mstari wa chaki kuzunguka tangi, akaamuru kila kinachouvuka kipimwe kwenye kapani. Wakapima mafuta, wakapima maji, hata mvuke wakaukadiria. Hesabu ikagoma.

"Na Justus je?" akauliza Mwanahawa, mkataji wa miche ya sabuni. "Si naye anavuka?"

Wakampima Justus akiingia, wakampima akitoka. Alikuwa amepungua, na upungufu wake ulilingana sawasawa na ziada ya sabuni. Mwili ulikuwa uleule na suruali ilimkaa vilevile. Uzito tu ndio haukuwepo. Bwana Pringle alifurahi mno, akampa mkono. Ilibidi amshike vizuri, kwa sababu Justus alikuwa ameshaanza kuelea, kiasi cha paka kupita chini ya soli zake.

Kuelea kwenyewe hakukumsumbua. Viatu havikupata vumbi. Kilichomsumbua ni Mzee Jilala, baba wa mchumba wake Apolinaria. Ukoo wa Jilala ulikuwa wa wapagazi, waliobeba pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi pwani, na kwao mwanamume alipimwa kwa unyayo. Kabla ya ndoa, mkwe alipitishwa kwenye mchanga laini mbele ya nyumba, wazee wakachuchumaa kutazama alama aliyoacha. Zamu ya Justus ilikuwa Jumamosi. Alimpenda Apolinaria kupita kiasi, na wazo la kumkosa kwa sababu ya sabuni lilimuuma sana.

Akaenda kwa Bwana Pringle kuomba arudishiwe uzito wake.

"Lakini hakuna kilichopotea," alisema Bwana Pringle kwa upole, akimwonyesha hesabu ubaoni. "Tazama. Upo wote."

"Nipo wapi, bwana?"

"Nusu hapa, nusu stoo."

"Sabuni ya stoo imekwisha," alisema Bwana Nanji. "Nyingine iko sokoni, nyingine imepanda treni ya Kigoma."

Apolinaria hakupoteza muda kulia. Alizunguka maduka ya sokoni tangu asubuhi, akiinua mche mmoja mmoja mkononi. Ile yenye mchumba wake aliitambua upesi: ilikuwa mizito, na ilikuwa na ukaidi anaoujua. Akamnunua Justus, mche kwa mche, kwa akiba aliyowekea gauni la harusi.

Jumamosi Justus alipita mchangani akiwa amevaa koti lililovimba kila upande. Mzee Jilala akachuchumaa, akapima kwa kiganja.

"Unyayo upo," alisema. "Si wa mpagazi, lakini upo." Akanusa. "Tena ni msafi."

"Shikamoo, baba," alisema Justus.

"Marahaba, mwanangu. Simama hapo hapo, usiyumbe."

Wakafunga ndoa kwa Mapadre, Apolinaria akiwa amevaa kanga ya mama yake. Walicheka njia nzima kurudi nyumbani, na Justus alitembea chini kama watu wengine. Alikuwa na furaha hata akakanyaga tope makusudi.

Jumatatu mlinzi wa lango alimpekua, akakuta miche yenye muhuri wa kiwanda. Hakuwa na ubaya na mtu. Aliichukua yote akairudisha stoo, kwa kuwa ni mali ya kampuni, na Justus akaelea hadi kwenye tangi, akashika mwiko. Jioni Apolinaria alikuwa dukani na kapu lake, akisubiri katoni mpya ifunguliwe.