Kigari cha Bosi

Kila alipoinama kukamua shuka, mtoto mgongoni aliteleza kuelekea kushoto. Ilimbidi asimame, amrushe juu kidogo kwa nyonga, akaze mbeleko, kisha ainame tena. Shuka za nyumba ya wageni ni nzito zikilowa, na mtoto wa miaka minne ni mzito hata akiwa mkavu. Miguu yake ilining'inia hadi karibu na magoti ya mama yake.

Majirani walimwita Bosi, kwa sababu tangu azaliwe hajakanyaga chini. Kila aendako hubebwa. Mama yake akawa Mama Bosi. Mwanzoni alicheka nao. Siku hizi aliitikia tu, kama mtu anavyoitikia jina lake.

"Leo ndiyo leo," alisema, akining'iniza shuka ya mwisho ya beseni la kwanza. "Naenda kumtafutia kigari, na nikitoka hapo moja kwa moja kliniki."

Mama mkwe wake, aliyekuwa akipiga pasi foronya mezani, hakuinua uso. Wawili hao ndio waliokuwa madobi wa nyumba nzima ya wageni. Mwanawe, baba wa mtoto, alikuwa utingo wa lori la masafa marefu. Alituma salamu mara kwa mara, na salamu haziliwi.

"Kigari," mama mkwe alisema. "Mimi nimelea saba kwa kitambaa hicho hicho ulichojifunga. Mtoto husukumwa? Kinachosukumwa ni mzigo wa sokoni."

"Mama, mgongo umekwisha."

"Mgongo wa nani haujaisha humu ndani? Usitupe mbachao kwa msala upitao, mwanangu."

Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mama mkwe aliujua mzigo huu. Aliubeba hadi goti lake likagoma. Alichokiogopa ni macho ya watu. Ndani ya mbeleko Bosi alikuwa mtoto aliyelala, kama watoto wote. Ndani ya kigari, shingo yake ingeyumba mbele ya mtaa mzima, na kila mpita njia angepata la kuuliza.

Lakini mama wa kliniki, yule wa mazoezi ya viungo, alikwishasema yake. "Mimi namnyoosha Alhamisi, wewe unamkunja siku zinazobaki. Mgongo wake unapinda, na ukikomaa hivyo hataketi maisha yake yote. Mtafutie kigari chenye egemeo lililonyooka na pa kukanyagia. Siyo chochote tu. Kinachomfaa." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba Bosi amekosa mara mbili, siku ambazo mama yake hakuweza kuinuka kitandani, na akikosa tena nafasi atapewa mwingine. "Foleni ndefu, mama. Sikuipanga mimi."

Leo ilikuwa Alhamisi. Kliniki hufungwa saa sita.

Mwuza vigari alikuwa na kibanda nyuma ya soko, na watu walimwita Tairi. Alikuwa na vigari vimening'inia kwenye misumari, vingine vimerundikwa chini, miguu juu.

"Karibu dada! Mtoto wa miaka mingapi huyu? Lo, jitu zima. Ana bahati, anabebwa mpaka leo."

"Hatembei," alisema Mama Bosi.

Tairi alikohoa, akarudi kazini. Alimletea kwanza kigari chembamba cha mabomba, cha kukunjwa kama mwavuli. "Hiki kwenye ngazi hakikusumbui. Unakikunja, unakitia kwapani." Wakamketisha Bosi. Kitambaa kikabonyea katikati, naye akazama ndani yake, magoti karibu na kidevu, kichwa kimeangukia bega. Hata Tairi aliona.

Cha pili kilikuwa kizuri hasa, chenye kofia ya kuzuia jua na mito laini. Mama Bosi alikipapasa kwa hamu. Lakini kilikuwa cha kichanga. Miguu ya Bosi ilitokeza nje, na alipotingishwa, viungo vya kigari vililia hadi Tairi mwenyewe akakishika kisianguke. "Hiki tukiache," alisema. "Nisije nikakuuzia balaa."

Cha tatu alikitoa chini ya rundo, kama mtu anayetoa ndugu asiyependeza mbele ya wageni. Kilikuwa kibaya. Hakikuwa na kofia. Kiti chake kilikuwa ubao ulioviringishiwa godoro kuukuu, umesimama wima. Magurudumu yalikuwa ya baiskeli ya mtoto, yamechomelewa kwenye vyuma vinene, na mbele palikuwa na nondo fupi iliyokatiza pale ambapo nyayo zingefika. Chini ya kiti, badala ya kikapu, palikuwa na sinia pana la bati.

Mama Bosi alikikagua kama mtu anayenunua mbuzi. Alikisukuma, akakivuta, akakiegemea kwa uzito wake wote. Hakikutikisika.

"Kilikuwa cha nani?"

"Cha jamaa mmoja wa mayai ya kuchemsha. Alikiimarisha mwenyewe kwa fundi wa kuchomelea. Kilibeba trei za mayai na machupa ya chai kutwa nzima. Kitashindwa na huyu?"

"Mbona alikiuza?"

"Watu huacha biashara, dada."

Kwenye mguu mmoja wa chuma palikuwa na rangi nyeupe iliyokwanguliwa, kama namba iliyofutwa nusu. Aliuliza ni nini. "Alama ya stoo," alisema Tairi, akipafuta kwa kidole gumba ingawa hapakufutika.

Wakamweka Bosi. Mgongo ukafika kwenye ubao ukatulia. Nyayo zikakuta nondo. Lakini hapakuwa na mikanda, na kabla Mama Bosi hajafurahi, mtoto alianza kuinama mbele polepole hadi akamdaka.

"Nunua mikanda ya begi, mtaa wa pili hapo," Tairi alishauri.

Pesa yote aliyokuwa nayo kwenye pindo la nguo ilikuwa imekwisha kuwa ya Tairi, na saa zilikuwa zinakimbia. Mama Bosi aliitazama mbeleko mkononi mwake. Ilikuwa nguo nzito ya zamani, laini kwa kufuliwa. Ilimbeba mume wake, ikawabeba shemeji zake, ikambeba Bosi. Alimkumbuka mama mkwe na mbacha wake. Kisha akajiambia kwamba mtu hanunui viatu halafu akaendelea kutembea amevishika mkononi.

"Niazime mkasi, kaka."

Alichana vipande vinne: viwili vya mabega, kimoja cha kifua, kimoja cha kiuno. Kila kilipochanika alikunja uso. Alivifunga nyuma ya ubao kwa mafundo ya kidobi, yale yasiyofunguka hata yakilowa, na alipomaliza Bosi alikuwa ameketi.

Aliketi wima. Mama yake hakuwahi kumwona hivyo. Alichuchumaa mbele yake akamtazama usoni, uso uleule ambao kila siku aliuhisi tu kwa pumzi shingoni mwake, na machozi yakamtoka mbele ya Tairi bila aibu.

Gurudumu la mbele lilikuwa kavu. Walipoingia barabarani lililia: kwii, kwii. Bosi alisikiliza. Mtoto huyu alikuwa na sauti mbili tu, ya njaa na ya maumivu. Walipofika kwenye kona alifungua mdomo akasema, "Kwii."

"Ee? Umesemaje?"

"Kwii!" alisema Bosi, akacheka.

Mama yake alicheka naye hadi akasimama. Kinyozi mmoja alitoka mlangoni na mashine mkononi akapiga kelele, "Bosi leo ana gari! Shikamoo gari!" Watu walitazama, kweli, kama mama mkwe alivyoogopa, na yeye hakujali. Alisukuma mgongo wake ukiwa umenyooka. Alikuwa amesahau kwamba mtaa una ghorofa za juu. Alikuwa na furaha, na tena alikuwa na muda. Kliniki ilikuwa ng'ambo ya soko tu.

Karibu na lango la soko watu walianza kukimbia. Wachuuzi walikusanya nyanya na soksi wakatawanyika, na lori la askari wa mji likajitokeza nyuma yao. Mama Bosi alisogea pembeni kuwapisha. Hakukimbia. Mwenye mtoto akimbie nini?

"Wewe! Mayai umeyaficha wapi?"

Alitazama nyuma kuona anayeulizwa. Askari alikuwa amekwishashika kigari.

"Mayai gani, afande? Huyu ni mtoto."

"Siku hizi mnabeba na watoto juu ili tuwaonee huruma. Tumewazoea." Aliinama akagonga sinia la bati kwa rungu. "Kigari cha mtoto kina bati? Kina chuma hiki? Hii ni meza ya biashara yenye magurudumu. Mteremshe atembee."

"Hatembei."

"Lijitu hili?"

"Hatembei, afande, nakuapia. Nampeleka kliniki. Mtazame basi!"

Askari alimtazama. Shingo ya Bosi, kwa woga, ilikuwa imeanza kuyumba. Mwenzake aliyekuwa nyuma ya lori alisema kwa sauti ya kuchoka, "Kiongozi, kweli huyo anaumwa." Yule wa kwanza akajibu kwamba yeye si daktari, ametumwa kuleta magurudumu, na mwenye malalamiko aende yadi, vinakowekwa vilivyokamatwa. Mafundo ya kidobi yaliwashinda kufungua. Ilibidi mama mwenyewe amchomoe mtoto mkono kwa mkono, huku wamemsimamia, na kigari kikarushwa juu ya vingine na mikanda yake.

Akabaki njia panda, mtoto mikononi. Kulia kwake ilikuwa kliniki, na muda bado ulikuwepo. Angeweza kujikokota akafika. Lakini angefika na nini? Na Alhamisi ijayo je, bila kigari wala mbeleko? Mama wa kliniki ataelewa, alijiambia. Karani wa yadi huenda asielewe kesho. Akakata kushoto, akalifuata lori.

Alipofika yadi mikono ilikuwa imekufa ganzi. Karani wa dirishani alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomkatisha tamaa zaidi.

"Kama ni kigari cha mtoto, unakichukua bure, mama. Sheria inasema hivyo." Alikwenda kukitazama, akarudi akitikisa kichwa. "Kile kimeimarishwa. Ni chombo cha biashara."

"Kimeimarishwa kwa sababu yeye ni mzito. Hawezi kukaa. Hajawahi kutembea."

"Aa. Basi hicho ni kiti cha mgonjwa! Ungesema mapema. Lete barua ya hospitali."

"Ndiko nilikokuwa naenda mliponikamata."

"Vizuri. Nenda, urudi nayo."

Mama Bosi alitazama saa iliyokuwa ukutani nyuma ya karani. Mishale yote miwili ilikuwa imepita juu. "Wamefunga. Wanafungua tena Alhamisi ijayo."

"Mnada ni Jumamosi," alisema karani, na kwa kweli alionekana kusikitika.

"Basi nipe mikanda tu. Ni mbeleko yangu. Nitambebaje huyu hadi nyumbani?"

"Kilichoingia kimeingia kizima, mama. Nikikupa mikanda nitaambiwa nimeiba mikanda."

Nyuma yake, uani, mtu mwenye kopo la rangi alipita kati ya vigari akiviandika namba. Alipofika kwenye cha Bosi alitafuta mahali, akachagua mguu uleule, akapaka namba mpya nyeupe juu ya ile iliyokwanguliwa. Mama Bosi alisimama akitazama rangi ikichuruzika. Vigari vyote vya pale, vizuri na vibovu, aliwahi kuwaona ndugu zao wamening'inia kwenye misumari ya Tairi.

"Nani hununua mnadani?" aliuliza.

"Yeyote. Ni haki ya kila raia. Ila kuna jamaa mmoja huvibeba vyote kwa mpigo."

Njia ya kurudi ilipita nyuma ya soko. Alikuwa akipumzika kila baada ya hatua chache, amemwegemeza Bosi ukutani kwa goti. Tairi alimwona kutoka kibandani, akaelewa bila kuambiwa. Hakujificha. Pengine ingekuwa nafuu kama angejificha.

"Pole dada. Pita Jumatatu, nitakuwekea. Wewe mteja, nitakupunguzia." Alifikiri kidogo, akataka kuwa mwema zaidi. "Na mikanda sitaihesabu."

Mama Bosi alimkaza mtoto kifuani, akapita. Hakuwa na pumzi ya kutukana na kubeba kwa pamoja.

Mama mkwe alikuwa bado mezani na pasi. Alimtazama mkwewe alivyoingia, mtoto amekunjika mikononi kama nguo zilizoanuliwa kwa haraka, na macho yake yakatafuta mbeleko mabegani, kiunoni, kisha yakaacha kutafuta. Maneno ya asubuhi yalikuwepo, angeweza kuyarudia. Hakuyarudia.

"Kliniki?"

"Sikufika."

Mama mkwe alizima pasi. Alipita kwenye kapu la shuka kuukuu bila kusimama, akafika kabatini, akachomoa shuka mpya ya wageni, yenye muhuri wa nyumba kwenye pembe, akaing'ata kwa meno na kuichana katikati tangu juu hadi chini.

"Mama! Msimamizi..."

"Aseme imeibwa na mgeni. Wao hawaibiwi? Geuka."

Alimpandisha Bosi mgongoni mwa mama yake, akafunga, akakaza, akapiga fundo. Shuka ilikuwa ngumu kwa upya wake na ilikata begani. Kulikuwa na beseni zima lililokuwa limeachwa asubuhi. Mama Bosi aliinama, mtoto akateleza kushoto, akasimama, akamrusha, akainama tena.

"Kwii," alisema Bosi, mdomo wake kwenye shingo ya mama yake.

Mama mkwe aligeuka upesi. Hakuwahi kusikia sauti hiyo. "Anasemaje?"

"Anataka twende."

"Kwii," alisema Bosi tena, akangoja. Mama yake aliendelea kukamua.