Jafari Aliyelilia Taifa

Kadija hakumpokea mkoba. Alikuwa amekaa barazani na wanawake wenzake, ungo wa mbaazi mapajani, na alipomwona mdogo wake anaingia uani alimtazama toka kichwani mpaka kwenye ndala, kisha akaendelea kuchambua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mpira umekwisha?"

Wanawake wakainamisha nyuso. Jafari akabaki kasimama na mkoba wake, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, kama mgeni aliyekosea nyumba. Tangu aliposhuka garini alikuwa amelibana koo lisitoe sauti, kwani alijua machozi yake yameshamtangulia kwao Kilangala. Yalifika kwa simu, yakapita mkono hadi mkono, na hapakuwa na mtoto wala kikongwe ambaye hajayaona.

Ukweli wenyewe ni mfupi. Jafari ni mpuliza dawa. Mikorosho ikikaribia kutoa maua huhamia Kiranjeranje na pampu yake mgongoni, akawapulizia watu mikorosho yao salfa, dawa ya unga, alfajiri, umande ukiwa bado majanini, maana jua likishapanda unga haushiki. Kazi ile humgeuza mtu rangi. Unga wa njano huingia kwenye nyusi, puani, kwenye mishono ya shati, na maji ya shamba ni ya kunywa tu. Simu yake huiacha kijijini ikichajiwa kwenye kibanda umiza, pale watu wanapolipa kutazama mpira, kwa sababu shambani hakuna umeme wala mtandao.

Siku ile pampu ilimsumbua, akashuka alasiri kuifuata simu. Akakuta kibanda kimejaa hadi madirishani, timu ya Taifa inacheza. Alipenya mpaka kwenye rafu ya kuchajia, akaiwasha, na ujumbe ukaanza kuingia mmoja juu ya mwingine. Mama hajaamka. Mama katutoka. Uko wapi? Tunakusubiri. Maiti haisubiri, Jafari. Tumeshamzika. Alipokuwa anasoma huo wa mwisho, refa akamaliza mchezo, na kibanda kizima kikashika kichwa. Taifa limefungwa. Jafari akaketi palepale sakafuni, katikati ya watu wanaolia, akalia. Kusema kweli alishukuru kupata mahali ambapo hakuna atakayemuuliza kitu.

Kumbe kamera ilikuwapo. Binti mmoja aitwaye Witness, mwandishi wa televisheni moja ya Dar es Salaam, alikuwa ametumwa kusini kutafuta mashabiki wa vijijini. Akamwona mzee wa uso wa njano, machozi yanachimba mifereji mashavuni, akamsogezea kipaza sauti. Jafari akamweleza yaliyomfika. Jioni habari ikatoka, lakini sauti yake haikuwamo. Uliwekwa muziki wa huzuni, na juu yake maneno ya Witness: "Amejipaka rangi ya bendera. Mwili uko shambani, moyo uko uwanjani. Huyu ndiye Mtanzania." Wengine walimsifu kwa uzalendo. Wengine walimcheka, wakasema ndiyo maana hatuendelei, mtu mzima analilia mpira.

"Dada, nilikuwa namlilia mama," Jafari alisema.

"Tumeona. Na tumesikia. Anayesema ulilia mpira ni msomi, kaonyeshwa nchi nzima. Wewe una shahidi gani?"

"Nina mdomo wangu."

"Mdomo wako ulikuwa wapi asubuhi tunakupigia?" Kadija akatupa mbaazi mbovu uani. "Na usinililie hapa. Kulia unajua, hilo tumeliona."

Basi Jafari akawa katikati ya mwiba na mwiba. Akilia, anaigiza. Asipolia, machozi ya mpira anayo, ya mama hana. Akaenda kukaa na wanaume chini ya turubai, na hata huko hakupona. Mtu mmoja wa kijiji jirani cha Rutamba alikuja kutoa mkono wa pole, akamshika kiganja muda mrefu, akamwambia kwa uchungu wa kweli, "Pole sana ndugu yangu. Refa yule alituonea."

"Nimeshapoa," Jafari alijibu, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu.

Siku ya kuanua tanga gari likaingia hadi mlangoni. Witness alikuwa ameelekezwa Kiranjeranje msiba wa yule mzee ulipo, akaja na mpiga picha, gunia la mchele, dumu la mafuta, na jezi ya Taifa iliyotolewa na chama cha mashabiki. Mchele wa matanga ulikuwa umekwisha tangu jana. Kadija aliliangalia lile gunia kwa chuki, akawaangalia watu waliojaa uani, akasema, "Mfiwa hachagui." Gunia likapelekwa jikoni. Jafari akavalishwa jezi juu ya kanzu.

"Sasa mzee, lia kidogo tu," Witness alimwomba.

Jafari alijaribu. Alijaribu kwa moyo wote, maana mchele ulikuwa umeshaoshwa. Uso ukakunjamana, lakini macho yalikuwa makavu.

"Kumbuka siku ile," Witness alisema kwa upole. Hakuwa binti mbaya. "Ulitugusa sana, mzee. Mimi mwenyewe nilisikitika kuitoa sauti yako."

"Kwa nini uliitoa?"

Aliyeuliza ni Kadija. Alikuwa amesimama mlango wa jiko, mikono inachuruzika maji ya mchele.

"Habari ilikuwa ya mpira, mama. Na yeye alikuwa anasema mama yake kazikwa, hajamwona, anarudia hayohayo. Ingewachanganya watazamaji."

Kadija alivuka uani taratibu, akaketi vumbini miguuni pa mdogo wake, akamvuta mikono akae naye. Halafu akatoa kile kilio anachopokelewa nacho mfiwa aliyechelewa, ambacho masheikhe wamekikataza mpaka wamechoka. "Jafari umefika, mama katoka! Jafari kaa, mama hayupo!" Wanawake barazani wakakidaka. Jafari akaangusha kichwa begani kwa dada yake, na yote aliyoyabana tangu garini yakamtoka kwa sauti.

Witness alimgusa mpiga picha mgongoni. "Usizime," alinong'ona.

Jafari alisikia. Juu ya bega la Kadija aliona kioo cha kamera kikisogea, kikiinama, kikimtafuta macho. Alitaka kuuficha uso, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imeshikwa na dada yake, na dada yake hakuwa tayari kuiachia.